Mwenzio wa Chumbani

Mliponiaga kazini mlinipa feni, doti mbili za kanga na dakika tano za kusema. Feni inafanya kazi. Dakika tano nilizimaliza zote kulisema lile benchi la wagonjwa linalotazama barabara, na nilipokaa kitako mmoja wenu akaninong'oneza, "Bi Mize, hukutwambia kitu cha kazi." Basi hiki hapa cha kazi. Vyeo sitavieleza, maana vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Mshahara mnaujua, ndio huo huo wenu.

Siku ya kwanza nilipangiwa chumba cha mwisho cha kituo chetu hapa Chake Chake, chumba ambacho watu hawakitaji jina. Mtu akiuliza njia husema "kule kwa Bwana Shaame", na anayemjibu huelekeza kwa kidevu tu, asije akaonekana anakijua sana. Bwana Shaame alikuwa tabibu mwembamba, mwenye kofia ya kiua iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi, na ndiye aliyenifundisha kazi ya magonjwa ya zinaa tangu mwanzo. Siku nzima ile hakunifundisha dawa hata moja. Alinikabidhi bunda la pamba.

Yeye mgonjwa hakumkazia macho hata siku moja. Akishakaa tu, humpa kipande cha pamba na kumwambia, "Nisaidie kuviringa vidonge vya pamba, mwanangu, mie vidole vimechoka." Vidole vyake havikuwa vimechoka hata kidogo, na pamba tulikuwa nayo ya kutosha kusafisha vidonda vya kisiwa kizima. Lakini mtu akiwa ameinamia pamba, macho chini, mikono inakwenda, husema. Aliyekuja na hadithi ya rafiki yake hufika kidonge cha tatu rafiki ameshatoweka na amebaki mwenyewe. Mimi nilizoea kuhesabu vidonge: mwongo mzuri alikuwa akifika kumi.

Ilibidi pia nijifunze lugha. Wiki hiyo ya kwanza kijana mmoja aliniambia ana mafua. Nikamtazama pua, nikamtazama koo, nikamwambia mbona huna kitu. Akasema, "Si ya huko, Bi. Ya huku chini." Bwana Shaame alitoka nje akicheka, akaniacha niandike daftarini mwenyewe. Mwingine alisema amepigwa na baridi, mwingine amekalia jiwe la moto. Kisonono nimekisikia kwa majina mengi, ila kisonono.

Kuhusu sindano ya kaswende, hili mlishike. Dawa ile ni nzito, nyeupe kama maziwa, na ukiiacha itulie inaganda kwenye sindano. Itikise vizuri, mwulize mgonjwa kama penisilini imewahi kumdhuru, kisha choma kwa kina na usukume polepole bila kusita. Ukisita njiani sindano inaziba, na utalazimika kumwomba mtu aliyekwisha kukuchukia akupe upande wa pili.

Sasa niseme jambo ambalo kwenye tafrija nisingeliweza kulisema. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimehamishiwa kwa muda kwenye meza ya wajawazito, alikuja msichana peke yake. Tulikuwa na sharti pale kwamba mjamzito aje na mume, wapimwe pamoja, na asiye na mume alete barua ya sheha. Sharti liliwekwa kwa nia njema, ili waume nao wapime damu. Nikamwuliza, "Mume yuko wapi?" Nikamwambia arudi na barua. Hakurudi na barua. Alirudi na uchungu, na mtoto akazaliwa hana roho, na damu ya mama ilipopimwa ilikuwa na kaswende. Sindano tatu zingetosha kumwokoa, na zilikuwa kabatini, nyuma ya kiti changu. Nililia nikiwa nimesimama mbele ya lile kabati, na sikumwambia mtu kwa nini. Nawaambia nyinyi leo.

Nilirudi kwenye chumba changu cha mwisho na sikukiacha tena. Bwana Shaame alikuwa amestaafu, wagonjwa nao walikuwa wamekuwa wadogo, au mimi nilikuwa nimekuwa mkubwa. Wengi walikuwa vijana wa mjini: waendesha bodaboda, wauza chipsi, wasichana wa saluni, waliomaliza skuli na kusubiri kazi mpaka wakasahau walikuwa wanasubiri kazi gani. Kwenye semina niliwasikia wakiitwa watu wenye tabia hatarishi. Mimi sikuona tabia zao zikipishana na za wenye magari. Mwenye gari huvuka kwenda kutibiwa Unguja, ambako hakuna anayemjua mama yake. Kijana wa bodaboda akikosa kazi asubuhi, mchana hali. Nasi tulifungua saa zile zile anazotafuta riziki, na benchi letu lilitazama kituo cha bodaboda, yaani lilitazama rafiki zake wote. Kwa hiyo hununua vidonge viwili dukani, akameza, akaona nafuu. Na kaswende ni mnafiki mkubwa: kidonda hakiumi, kinafunga chenyewe, mtu anashukuru Mungu kabla ya wakati.

Nilijaribu mengi. Niliweka sanduku la kondomu chooni, mahali pasipo na macho. Kesho yake kondomu zilikuwa zimekwisha, na sanduku lenyewe limekwisha pia. Baadaye nililiona kwa fundi wa pikipiki, limejaa boliti, na nilimpongeza kwa sababu lilikuwa sanduku zuri.

Kilichonishinda zaidi zilikuwa kadi. Mgonjwa mmoja ukimtibu na mwenzake ukamwacha, umefanya kazi bure, basi ofisi ilituletea kadi za kuwaita wenza. Ziliandikwa kwa herufi kubwa: "Mpenzi wako wa kujamiiana anatakiwa kufika kliniki." Ya kwanza niliyoitoa ilidondoka sokoni, muuza samaki akaiokota na kuisoma kwa sauti ile ile anayonadia changu na dagaa. Nikazifungia kadi za ofisi, nikaanza kuandika zangu kwa mkono, kwa heshima na staha: "Mlete mwenzio wa chumbani." Nilijiona nimepatia. Kwa lugha niliyolelewa nayo, chumbani ni pahala pa mke na mume, na mtu mzima haulizi zaidi ya hapo. Wake za watu walielewa, waume walielewa, na kadi zilikuwa zinarudi na watu wake.

Mpaka alipokuja Massoud. Alikuwa kijana wa bodaboda, miaka ishirini na tatu, mcheshi, aliyekwenda kumtolea damu jamaa yake na kuambiwa damu yake aende nayo kwangu kwanza. Nikampima, kaswende, na haikujulikana alikuwa nayo tangu lini. Nikampangia sindano tatu, moja kila wiki, nikamchoma ya kwanza, nikampa kadi. Akaisoma mara mbili.

"Lazima, Bi Mize?"

"Lazima."

"Wote?"

Hapo mtu mwingine angeshtuka. Mimi nilikuwa nimejifunza kutoshtuka, na nilijivunia. "Kwani wako wangapi?" nikamwuliza, kalamu mkononi.

"Watatu. Lakini wawili wamekwenda shamba kuchuma karafuu."

Nikaandika "watatu" daftarini. "Basi mlete huyo aliyepo, na hao wakirudi uwalete pia."

Kesho yake akaja na kijana mwenzake, mrefu, kwa jina Khatib, amevaa fulana ya timu ya mpira. Nikaweka kalamu chini. Kisha nikajiambia, Mize, anayeumwa ni anayeumwa, na Bwana Shaame hakumfukuza mtu kwenye chumba hiki. Nikafunga mlango. Nikawaambia kwa sauti ya chini kwamba wasiogope, hapa hahukumiwi mtu, na siri yao ni siri yangu mpaka kaburini.

Khatib akamgeukia Massoud. "Siri gani?"

"Ya chumba," Massoud akamjibu.

"Ah," akasema Khatib. "Chumba chenyewe, Bi Mize, si cha kujitangaza nacho."

Nikamwona ni kijana mwenye busara. Kipimo chake hakikuonyesha kitu, lakini aliyekuwa karibu na mgonjwa hatungoji kipimo. Nikamwuliza maswali ya penisilini, nikatikisa dawa, nikamchoma. Alivumilia vizuri. Alitoka akichechemea, akanishukuru, akasema na yeye atawahimiza wenzake.

Wiki ya pili Massoud alirudi na wale wawili waliotoka kuchuma karafuu, vidole vyeusi kwa utomvu, wamekaa tayari kuchomwa. Na alikuwa na swali. "Bi Mize, na godoro tulitie dawa gani?"

"Godoro gani?"

"Si hilo tunalolalia. Tunakaa wanne, godoro mbili. Mie na Khatib letu moja, yuno na yuno lao moja. Sie tulidhani ni kunguni ndo wanaoleta."

Niliangalia kadi yangu mkononi mwake, kwa mwandiko wangu mzuri: mwenzio wa chumbani. Nikacheka mpaka miwani ikaanguka. Wale wawili walicheka pia, kwa adabu, bila kujua wanacheka nini. Nilikuwa nimeandika kadi ile kwa akili ya mtu mwenye chumba chake na kitanda chake. Kwa kijana anayepanga geto, mwenzio wa chumbani ni yule mnayegawana kodi na ndoo. Mapenzi hayamo mule, hayana pa kukaa. Na mimi nilimchoma Khatib wa watu sindano ya maziwa kwa kosa la kulala.

Kicheko kilikatika nilipokumbuka kwamba mtu niliyekuwa namtafuta bado hajaja. Niliwatoa wale wawili, nikavuta pamba, nikamwambia Massoud anisaidie kuviringa. Kidonge cha pili akasema hana mtu. Cha nne akasema yupo Zuwena, wa saluni ya karibu na soko, anayepaka mabibi harusi hina na rangi nyeusi ya piko. Wangeoana, lakini huwezi kupeleka posa ukiwa na nusu ya godoro. Cha tano akakiviringa mpaka kikawa kama punje ya mtama.

"Na ana mimba," akasema. "Mwezi wa tano."

"Kliniki anakwenda?"

"Kaenda mara moja. Kaambiwa aje na mume, au alete barua ya sheha." Akakiweka kile kidonge mezani. "Na sheha wa pale, Bi Mize, ndo ami yake."

Nikaacha pamba. Msichana peke yake, barua, kabati nyuma ya kiti. Nilimwambia Massoud kwamba mtoto huyo anaweza kuzaliwa mgonjwa au asizaliwe hai, na dawa ipo, na siku zinakwenda. Amwambie Zuwena leo hii, asipoweza anipe ruhusa nimwambie mimi. Akaahidi. Baada ya siku mbili alinikuta getini, ameinamisha kichwa. "N'mejaribu mara mbili," akasema. "Mara zote nimeishia kumnunulia chipsi. Mwambie weye."

Kwenda saluni na sare yangu ilikuwa sawa na kupita na kipaza sauti. Kwenda bila sare nikamvuta kando kungekuwa vivyo hivyo, kwa sababu mji mzima unajua kazi yangu, na anayenong'ona na Bi Mize ameshajulikana anaumwa nini. Lakini saluni ile ilikuwa na chumba cha nyuma, na huko hawaingii ila mabibi harusi, kwa kuwa wao hupakwa mpaka panapostiriwa. Nikavaa baibui langu la Idi, nikaingia.

"Shikamoo, Bi Mize," akasema Zuwena. Alikuwa msichana mfupi mwenye macho ya mzaha, na baibui lake lilikuwa pana kuliko mwili wake. "Leo umepotea njia?"

"Marahaba. Nataka piko."

"Piko? Harusi ya nani?"

Nilikuwa mjane wa miaka hamsini na tisa. Wanawake watatu walikuwa wamekaa pale wakisukwa, na wote walikuwa wametega masikio. "Yangu," nikasema.

Kufika alasiri habari ilikuwa imeshafika Pujini, kwa sababu kesho yake asubuhi dada yangu alikuja kutoka huko kuuliza bwana harusi ni nani na kwa nini ameambiwa na muuza vitunguu. Jirani yangu aliniletea udi. Mzee mmoja wa msikitini, ambaye sikuwahi kujua kama ananitazama, alikaa wiki nzima hanisalimu. Lakini hayo ni ya baadaye.

Mule ndani Zuwena aliushika mkono wangu, akauinamia, akaanza ua kwenye kifundo. Nikamwambia yote, polepole: kwamba Massoud ametibiwa, ugonjwa gani, na kwamba huenda anao yeye na mtoto. Brashi ikasimama.

"Massoud ndo kakutuma?"

"Massoud kajaribu mwenyewe mara mbili."

"Aa," akasema. "Ndo zile chipsi."

Hakucheka. Akachovya brashi, akarudi kwenye ua. Chozi likaanguka juu ya mkono wangu, likaharibu jani moja, akalifuta kwa kidole. "Mwanangu atakufa?"

"Ukipata dawa sasa, tuna matumaini makubwa. Usipopata, sikufichi."

"Pale siji. Washan'fukuza. Yule wa mezani kan'uliza mbele za watu, 'Weye huna mume?' Watu wote wakageuka. Mie nkono wa ntu naushika nao unatulia, siku ile wangu mwenyewe ulikuwa hautulii."

Ningeweza kumsema yule wa mezani. Badala yake nikamwambia kwamba maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, kwa msichana mwingine, na nikamwambia mtoto wake alivyozaliwa. Sijui kama lilikuwa jambo la kumwambia mjamzito. Alikuwa ameushika mkono wangu na mimi ndiye niliyeinamisha macho, na maneno yakatoka. Zuwena akamaliza ua lile, akaanza la pili, akalimaliza.

"Nije saa ngapi?" akauliza.

Alikuja siku ya pili, saa tatu asubuhi, na mimi nilikuwa namngoja mlangoni kwa mikono iliyopakwa piko. Kwenye benchi hakukaa. Nilimpitisha moja kwa moja hadi meza ya wajawazito, na kijana wa kike aliyekuwa hapo, mpole, si mtu mbaya, akafungua daftari na kuuliza alichofundishwa kuuliza: mume yuko wapi. Nikachukua kalamu. Kwenye safu ya aliyekuja naye, nikaandika jina langu.

Mkuu wa kituo aliliona mchana, akaniita. "Bi Mize," akasema, daftari limefunguliwa, "hapa umeandika wewe ni mume wa mtu."

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Na mjini nasikia unaolewa."

"Mambo yamekuwa mengi," nikamwambia.

Akatazama mikono yangu, kisha akafunga daftari. Yale makaripio niliyoyangoja hayakuja. Wiki iliyofuata karatasi ya sharti la mume ilikuwa imeondoshwa ukutani, na mpaka leo hakuna aliyekiri kuibandua.

Zuwena alipimwa, na alikuwa nayo. Sindano ya kwanza alinishika baibui mpaka likachanika. Ya pili alikuja na Massoud, wakakaa mbali mbali kama watu wasiojuana, wakasahau, wakagawana andazi. Ya tatu ilikuwa tayari wameoana. Khatib na wenzake wawili walihama wakamwachia chumba, kwa ahadi kwamba atawaita chakula kila Ijumaa, na godoro moja lilibaki kama zawadi ya harusi. Ami yake, sheha mwenyewe, alikaa mbele kwenye ndoa na akala vizuri. Wenye tabia ya kuhesabu miezi walihesabu, wakachoka, wakahamia kwenye harusi yangu, ambayo ilikuwa imechelewa sana.

Kadi nilizibadilisha. Vijana wenyewe ndio walionisaidia maneno, Khatib akiwa msemaji mkuu, kwa kuwa alisema ameshalipia haki hiyo. Sitawaandikia hapa ni maneno gani, kwa sababu miaka mitano ijayo yatakuwa yamechakaa. Waulizeni watakaokuja kwenu waandike yao.

Mtoto alizaliwa wiki yangu ya mwisho kazini, asubuhi. Nilipata habari nikiwa nafungasha kabati, nikaacha kila kitu sakafuni, nikaenda wodi ya wazazi bila kumuaga mtu. Njiani niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa jambo la mtu mwingine. Sindano tatu ni sindano tatu, na kipimo cha kaswende cha Zuwena kilikuwa kimeshashuka vizuri, na mimi huwaambia wagonjwa matumaini makubwa. Lakini nilikuwa nimewahi kumfunika mtoto mmoja kwa kanga, yule wa msichana wa barua.

Alikuwa msichana. Zuwena alikuwa amelala ubavu, amechoka, ameridhika. Nikamchukua mtoto, nikamsogeza dirishani. Nikamfungua viganja, kimoja kimoja. Nikatazama nyayo. Nikatazama pua, nikasikiliza anavyovuta pumzi, nikampapasa tumbo. Ngozi yake ilikuwa safi kabisa, hakuna upele wala lengelenge la kaswende. Damu yake tungeipima na tungeendelea kumfuatilia, hilo mnalijua, na imepimwa, na yu salama. Lakini saa ile sikuwa na karatasi yoyote. Nilikuwa naye tu, na nikarudia tena viganja, na tena nyayo.

"Watafuta nini, Bi Mize?" akauliza Zuwena.

"Natafuta kazi yangu," nikamwambia. "Siioni."

Akanyoosha mikono. "Basi kama huna kazi," akasema, "nipe mwanangu anyonye."